Mbiru, Same 1945, na daftari langu la malengo

Nimerudi. Nimekaa kimya tangu Novemba na baadhi yenu mmeuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikwenda nyumbani Moshi kuhesabiwa, kama ilivyo ada yetu Wachagga kila Desemba, na wakati wa kurudi Dar basi letu likaharibika Same. Saa tatu nzima! Fundi yuko chini ya gari, kondakta anatangaza "dakika kumi tu", abiria wananunua maji na kumsengenya dereva kwa sauti ambayo dereva anaisikia vizuri kabisa.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikatoa daftari. Ninalo daftari ambalo kila Januari naandika malengo ya mwaka. Nadhani wengi wenu mnalo la kwenu, iwe la karatasi au la kwenye simu. Nikafungua ukurasa wa mwaka jana. Malengo kumi na manne. Kujifunza Kifaransa. Kukimbia mbio za Kilimanjaro. Kuamka saa kumi na moja alfajiri kila siku. Kuweka akiba nusu ya mshahara (nilikuwa nawaza nini?). Kuandika kitabu cha historia ya kaskazini mwa Tanzania. Nikahesabu niliyotimiza nikapata moja, kung'oa jino. Na hilo jino lilinilazimisha lenyewe.

Nikainua macho. Ukikaa Same milima ya Upare iko mbele yako, ya kijani, imefunikwa na mawingu, na wewe uko chini kwenye vumbi na jua kali. Mvua inaishia kule juu na huku chini unabaki kuitazama tu. Ndipo nikakumbuka kijitabu kimoja chembamba nilichosoma maktaba pale Mlimani nikiwa mwanafunzi. Kiliandikwa na marehemu Profesa Isaria Kimambo, kikatoka mwaka 1971, na kinaeleza mambo yaliyotokea hapa hapa Same, tena yaliyoanza mwezi huu huu wa Januari.

Kabla sijaendelea, watani zangu Wapare mniruhusu. Mnajua tunavyowasema, kwamba Mpare akidhulumiwa kuku yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani, na kesi akishinda anarudi nyumbani anaimba, hana kuku wala ng'ombe. Huwa tunacheka sana. Ila nilipokuwa nimekaa pale stendi nikaanza kuona kwamba utani huo una upande wa pili ambao sisi tunaocheka hatuutazami.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Upare wote, yaani eneo ambalo leo ni wilaya za Same na Mwanga, lilikuwa wilaya moja na boma lake lilikuwa Same. Mwingereza alitawala kwa kupitia machifu. Kodi iliyozoeleka ilikuwa kodi ya kichwa, kiasi kimoja kwa kila mwanaume, awe na ng'ombe hamsini au awe na jembe tu. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa inaendelea na maisha yalikuwa magumu. Watu walipata fedha kwa kahawa kidogo, kwa kuuza mifugo, na vijana kwa kwenda kukata mkonge Tanga.

Katika hali hiyo baraza la machifu, kwa baraka za serikali, likaja na kodi mpya iliyopanda kadiri mali ya mtu inavyoongezeka. Wakaipa jina la mbiru. Hilo lilikuwa jina la ushuru wa kale ambao watu wa Upare walikuwa wakimpa mtawala wao. Nadhani waliolichagua jina walidhani wanaitia kodi heshima ya kimila. Walikosea vibaya sana, maana kila mtu alijua kwamba mbiru ya zamani na hii ya kuandikiwa kwenye daftari la serikali havifanani hata kidogo.

Sasa hapa naomba tuwe wakweli. Ukiitazama kwa macho ya leo kodi ile ilikuwa na haki ndani yake. Mwenye nacho alipe zaidi. Hata makato ya PAYE kwenye mshahara wangu na wako yanakwenda hivyo hivyo. Sasa kwa nini watu waliikataa?

Jibu liko katika swali la nani anakadiria. Ili ujue utozwe kiasi gani lazima mtu aje aipime mali yako, na aliyekuja ni mtu wa chifu. Jirani yako mwenye undugu na chifu ataandikiwa nini? Na wewe mwenye ugomvi na karani wa chifu utaandikiwa nini? Kodi ya kichwa ilikuwa nzito, lakini haikumpa mtu yeyote nafasi ya kuingia zizini kwako na kukuamulia wewe ni tajiri. Wasomaji ambao umri umesogea kidogo mtaikumbuka kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003, na mtakumbuka watu walivyowakimbia migambo. Mtu akija kukutoza huogopi kiasi cha fedha peke yake, unamwogopa na yeye aliyeshika kitabu.

Basi Januari 1945 maelfu ya watu wakateremka milimani kuja Same. Walitoka Usangi na Ugweno kule kaskazini, walitoka na milima ya kusini. Aliyewahi kwenda Usangi anaijua njia ile. Unateremka mteremko mrefu wenye kona nyingi, halafu unaingia nyika kavu, na safari ya kweli ndiyo inaanza. Hao walikuwa kwa miguu. Wakafika bomani na kumwambia Bwana Shauri kwamba mbiru hawaitaki.

Nawaomba msimame kidogo hapa, maana jambo hili ndilo lililonifanya nilifunge daftari langu kwa aibu. Hawakusema hatutaki kodi. Hawakusema hatuwataki machifu, ingawa sina shaka wengi wao hawakuwapenda. Hawakusema Mwingereza aondoke. Walisema waiondoe mbiru, na kama hazina ina upungufu waipandishe kodi ya kichwa kwa wote, wao watalipa. Yaani walikubali kulipa fedha zaidi ili wasikadiriwe!

Hebu lilinganishe lengo hilo na yangu kumi na manne. La kwao lilikuwa moja. Mtoto wa miaka saba angeweza kukwambia kama limetimia au bado, kwa kuuliza tu kama mbiru ipo au haipo. Bei yake waliijua tangu mwanzo na wakaitaja wenyewe mbele ya mtu waliyekuwa wanamdai. Mimi "kuwa mtu bora zaidi" (ndiyo, hilo nalo lilikuwemo, namba tisa) sijui hata ningelijuaje kama limetimia.

Halafu wakakaa. Sehemu hii hatuitilii maanani tunaposimulia maandamano. Tunapenda siku ya kwanza, siku ya umati na vumbi na nyimbo. Wale watu walikaa Same kwa miezi. Wewe uliyewahi kupita Same unaijua, ni mji mkavu. Kulisha maelfu ya watu katika mji mkavu kwa miezi si jambo la ushujaa, ni jambo la mahindi na maharage na maji na mtu wa kuyaleta. Kila kibaba kilichopikwa pale kililimwa na mtu, kikabebwa na mtu. Serikali haikulegea mwaka huo wa 1945, na ulipoingia mwaka 1946 bado ilikuwa haijalegea.

Aliyelima ni nani wakati wanaume wako bomani? Jibu mnalijua. Kina mama. Walibaki milimani na mashamba, mifugo, watoto, wazee, na msimu mzima wa kilimo mabegani mwao. Kisha mwaka 1946 wao nao wakachoka kusubiri. Afisa wa wilaya alipofika Usangi wanawake kwa wingi wakamkabili. Wakamtaka amalize shauri hili waume zao warudi nyumbani, na kama hawezi basi awape mimba yeye mwenyewe, wote. Niliposoma habari hii mara ya kwanza maktaba nilicheka kwa sauti hadi nikatolewa macho na msimamizi. Nikiisoma sasa sicheki sana. Ni maneno ya watu waliokwisha piga hesabu. Mwaka mzima bila waume nyumbani ni kazi zisizofanyika na ni watoto wasiozaliwa, nao walimpelekea hesabu hiyo yule aliyekuwa na uwezo wa kuifuta.

Mwaka 1947 mbiru ikaondolewa. Kodi ya kiwango kimoja kwa wote ikapandishwa, kama walivyokuwa wamesema wenyewe, na watu wakalipa na kurudi kwenye mashamba yao.

Najua kuna mdau atasema, sasa huo ni ushindi gani? Miaka yote hiyo ya taabu halafu unalipa kodi kubwa zaidi, machifu wako pale pale na Mwingereza yuko pale pale? Rafiki yangu mmoja niliyemsimulia jambo hili alisema ndivyo hasa Wapare walivyo, wameuza ng'ombe kwa ajili ya kuku. Mimi sikubaliani naye. Mwaka 1945 TANU haikuwepo, ilizaliwa miaka tisa baadaye, 1954. Umati ule ungedai uhuru pale bomani Same, serikali ingekuwa na jibu rahisi sana, na jibu hilo lingekuwa la bunduki na jela. Kwa kudai kitu ambacho Bwana Shauri alikuwa na uwezo wa kukitoa, walimnyima kisingizio. Na hawakuishia hapo. Mwaka 1946, shauri likiwa bado linaendelea, Umoja wa Wapare ulianzishwa. Uhuru ulikuja 1961, na mamlaka ya machifu yakafutwa kwa sheria mwaka 1963. Sisemi mbiru ndiyo iliyoleta hayo yote, wanaosema hivyo wanatia chumvi. Nasema watu waliokwishaona kwa macho yao serikali inabadili uamuzi wake hawawi watu wale wale tena.

Sasa niwape kichekesho cha historia. Mwaka ule ule wa 1947 ambao wakulima wa Upare walikuwa wanamaliza shauri lao dogo, serikali ya Uingereza ilikuwa inaanza shauri lake kubwa huko Kongwa, Dodoma. Naam, ule mradi wa karanga. Uingereza ilikuwa imetoka vitani haina mafuta ya kula, na mkuu mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, akaja na wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Lengo likawa kulima zaidi ya ekari milioni 3 ndani ya miaka sita. Mwaka wa kwanza peke yake ziwe ekari 150,000.

Waliofyeka kweli mwaka ule hawakufikisha hata ekari 10,000. Matrekta mengi yalikuwa chakavu yaliyobaki vitani na yaliharibika moja baada ya jingine. Wakafika mahali wakageuza vifaru vya vita kuwa matrekta! Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi ya kuvunja chuma, udongo wake kiangazi unakauka na kuwa mgumu kama sakafu ya saruji, na mvua yake Wagogo wangeweza kuwaeleza habari zake kama wangeulizwa. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukazikwa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36.

Wale wa Kongwa walikuwa na ramani, wataalamu, fedha na dola nzima nyuma yao. Walichokosa ni mtu wa kuuliza, kabla ya kuandika ile milioni 3, ekari moja tu ya mfano inachukua siku ngapi. Na mimi niliyeandika "Kifaransa" bila kuandika ni saa ngapi na siku gani nina haki gani ya kuwacheka? Daftari langu ni Kongwa ndogo.

Nikiwa bado nimekaa pale nikawaza na jambo jingine la milima ile, ndiva. Wasiozijua, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo Wapare wanajenga chini ya kijito. Jioni maji ya mfereji yanaelekezwa humo, yanajaa usiku kucha watu wamelala, asubuhi linafunguliwa na wenye zamu wanamwagilia. Ni utaalamu wa kale. Kule Bangalala, juu ya Makanya, iko ndiva ya Manoo ambayo watafiti wa maji kutoka nchi nyingi wamekuja kuisoma. Kinachonivutia ni kwamba ndiva haimwahidi mtu mto. Inakupa kiasi kilichojaa usiku wa jana, na shamba lako unalipanga kwa kiasi hicho. Tope likijaa linaondolewa kwa msaragambo, kazi ya wote, na usipotokea unatozwa faini. Neno hili msaragambo Wapare wameligawa kwa Kiswahili cha nchi nzima, na shule ngapi kule milimani zimejengwa kwa njia hiyo!

Na hapo nikarudi kwa Profesa Kimambo mwenyewe, maana yeye ndiye mfano wa mtu mmoja mmoja niliokuwa nautafuta. Alikuwa Mpare. Alipata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967, wakati ambapo historia yetu iliyoandikwa ilikuwa karibu yote ni ya wageni. Angeweza kujiwekea lengo la kuandika historia ya Afrika nzima, na kwa elimu ile hakuna ambaye angemshangaa. Yeye alipanda milima ya kwao akakusanya masimulizi ya wazee. Mwaka 1969 kikatoka kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare kabla ya 1900. Mwaka 1971 kikatoka kile kijitabu cha mbiru. Mwaka 1991, miaka ishirini na miwili baada ya kile cha kwanza, akatoa kitabu kingine kuhusu uchumi wa dunia ulivyoingia Upare na watu walivyoupinga. Katikati ya miaka hiyo alifundisha na alishika madaraka makubwa chuoni, kwa hiyo msiniambie alikuwa na nafasi. Milima ni ile ile mitatu kwa mitatu, mtu ni yule yule, na kila mara anarudi na kitu zaidi ya mara iliyopita.

Laiti asingekwenda wakati ule! Wazee aliowahoji hawapo tena. Hesabu yenyewe ni rahisi na inatisha. Msichana aliyekuwa na miaka 15 siku wanawake wa Usangi walipomkabili yule afisa alizaliwa mwaka 1931. Kama yu hai amepita miaka tisini. Mama zetu wakubwa wa namna hiyo wamebaki wangapi? Wanaume wa mbiru wameandikwa angalau kidogo. Wanawake ambao walilima mashamba peke yao muda wote ule wameandikwa kwa tukio la siku moja tu, siku ya yale maneno makali. Siku nyingine zote za kulima, kubeba na kusubiri hazimo.

Basi pale pale stendi nikakata mstari mmoja mrefu juu ya malengo yangu ya mwaka huu, ambayo nilikuwa nimekwisha yaandika kumi na moja (naona nilijipunguzia matatu, maendeleo hayo). Kitabu cha historia ya kaskazini kikaondoka. Kifaransa kikaondoka, pole Kifaransa. Chini yake nikaandika jambo moja. Kabla ya Machi kuisha nitapanda Usangi siku tatu na kinasa sauti, nimsikilize bibi mmoja ambaye alikuwepo, au aliyelelewa na mama aliyekuwepo. Mmoja, si kumi. Na bei yake nikaiandika pembeni. Nauli na malazi zitatoka kwenye fedha ya simu mpya niliyoitamani, siku tatu zitatoka kwenye likizo yangu, na kazi yangu ya zamu ya wikiendi ataifanya mwenzangu ofisini ambaye nitamlipa kwa kumfanyia zamu zake mbili. Tumeshakubaliana, ananicheka, lakini amekubali.

Kwa hiyo wadau wa Usangi, Ugweno, Mamba, Gonja, Chome na kwingineko, nawaomba. Kama una bibi au mama mkubwa anayekumbuka habari za mbiru, mwambie kuna mtani wake wa Kichagga anaomba kuja kumsalimia. Atakuja na sukari na chumvi. Na kama hataki kuzungumzia mambo ya kodi, basi anieleze mwaka ule walipanda nini na nani aliwasaidia kuvuna.

Kondakta alikuja kutuita jua likiwa linaelekea kuzama, milima imegeuka rangi ya zambarau. "Nilisema dakika kumi," akasema huku anajifuta mikono. Zilikuwa mia moja na themanini, nimezihesabu.